Naomba ushauri: bafa za TCP kwenye laini ya setilaiti, Bukavu

Ndugu wanachama, salamu kutoka Bukavu. Ninatunza mtandao wa ofisi ndogo hapa Ibanda, na nimekwama.

Laini yetu ya setilaiti ina megabiti 5 kwa sekunde za kutuma, na pingi (safari ya pakiti kwenda na kurudi) hadi seva yetu iliyoko Ubelgiji huchukua milisekunde 600 hivi. Tunapotuma nakala za akiba usiku, wakati hakuna mwingine anayeitumia laini, faili moja haivuki kilobaiti 105 kwa sekunde. Lakini tukituma faili nne kwa pamoja, kila moja hupata kasi ileile, kwa hiyo siamini kwamba laini yenyewe ndiyo inayobana. Kwa hesabu yangu, kilobaiti 375 zinapaswa kuwa njiani kwa wakati mmoja, ilhali kasi tunayoipata inalingana na dirisha (kiasi cha data kinachoruhusiwa kuwa njiani kabla ya kuthibitishwa kupokewa) la kilobaiti 64 tu.

Kwenye kompyuta yetu ya Linux nimepandisha kikomo cha tcp_wmem (bafa ya kutuma, yaani kumbukumbu ya muda ya data inayotumwa kwa itifaki ya TCP) hadi megabaiti 8, na tcp_window_scaling (mpangilio unaoruhusu dirisha kuzidi kilobaiti 64) iko 1, yaani imewashwa. Hakuna kilichobadilika. Nilipochungulia kwa tcpdump (programu ya kunasa pakiti), niliona pakiti yetu ya kwanza ikibeba wscale 7 (chaguo la kupanua dirisha), lakini jibu linalorudi halina wscale kabisa, na hapo ndipo wasiwasi wangu ulipo.

Je, nikiwa huku, bila ruhusa ya kuingia kwenye seva ile, nitatambuaje kama chaguo hilo limezimwa kwenye seva au linafutwa na kifaa cha katikati? Na ikiwa ni kifaa cha mtoa huduma, nimwombe abadilishe nini hasa?