Viwingu viwili vya kusini juu ya ziwa ni nini?

Swali (Dunga, Kisumu)
Hamjambo nyote. Mimi hununua omena ufukoni usiku wa giza, mwezi ukiwa haupo. Desemba hii, kwenye saa nne, naona upande wa kusini viwingu viwili vyeupe ambavyo upepo hauvisogezi. Kikubwa kina mstari mpana unaong'aa. Ni moshi, au ni mwanga wa taa za wavuvi?

Jibu (mwalimu wa fizikia, Nakuru)
Dada, si moshi, na una macho makali! Hayo ni Mawingu ya Magellan, galaksi (makundi makubwa mno ya nyota) jirani za Njia Nyeupe, galaksi yetu. Kubwa liko umbali wa miaka ya nuru (mwendo wa mwanga kwa mwaka mmoja) kama 160,000, Dogo kama 200,000. Mstari huo ni upau wa nyota. Kinachonishangaza kila mara ni kwamba upau wenyewe haukukaa katikati, umeegemea upande, na mkono wa nyota unaojipinda waziwazi ni mmoja tu. Majirani hawa wawili huvutana. Dogo limepita karibu na kuvuruga umbo la Kubwa, nalo Dogo likanyofolewa gesi, ambayo sasa ni daraja kati yao. Mkondo mwingine mrefu wa gesi unaburuzika nyuma yao.

Jibu (Kakamega)
Mwalimu, darubini ni lazima? Huku miti inatuziba kusini.

Mwalimu tena
Panda mahali pa wazi, ndugu yangu. Darubini ya macho mawili yatosha kuona Nebula ya Tarantula, doa la ukungu pembeni mwa upau, ambamo nyota zinazaliwa. Jirani na hapo ndipo nyota ililipuka mwaka 1987, watu wakaiona kwa macho matupu.