Nataka kuanza tenki la maji chumvi lenye matumbawe, nipo Dar

kijana_tabata:
Habari zenu wakuu. Nimepata tenki la kioo la lita 200 kwa jamaa aliyehama, lina pampu na taa. Samaki wa maji baridi nimefuga miaka mitatu sasa roho inataka matumbawe na wale samaki wa chungwa wenye mistari myeupe. Nawaza jumamosi nichote maji ya bahari ufukwe wa Coco alafu wiki ijayo naweka samaki, na matumbawe nitamwomba mvuvi aniletee vipande toka kisiwa cha Mbudya. Nakosea wapi?

fundi_pampu:
Mkuu hiyo wiki ijayo ndo itakuulia samaki. Tenki lazima liive kwanza, wale bakteria wa kula uchafu bado hawajazaliana. Weka mchanga na mawe, washa pampu, tupia kamba mmoja mbichi aozee humo alafu uwe unapima, amonia itapanda, itageuka nitriti, mwisho nitrati. Amonia na nitriti zote zikisoma sifuri ndo unaweka samaki mmoja au wawili basi. Mara nyingi ni wiki nne mpaka sita, langu lilikula nane na sijutii. Na meza iwe imara, lita 200 ni zaidi ya kilo 200 hizo kabla hujahesabu mawe.

mama_mwani:
Kaka Coco usichote, mvua ikinyesha mifereji yote inaishia baharini pale. Mi nilichoka kubeba madumu, nanunua chumvi maalum ya tenki (ya jikoni HAPANA) nachanganya na maji mpaka kipimo cha ukali wa chumvi kisome 1.025. Maji yakipungua kwa mvuke ongeza maji baridi yaliyochujwa, usiongeze ya chumvi, maana chumvi haipandi na mvuke inabaki mule mule inazidi kukolea. Hita huku kwetu sahau, shida ni joto, feni ndogo ipulize juu ya maji joto libaki nyuzi 26 hivi. Mwaka 1998 bahari ilipata joto matumbawe mengi ya pwani yetu yakageuka meupe yakafa, sasa we fikiria lita 200 chumbani mwezi wa pili umeme umekatika.

fundi_pampu:
Na Mbudya ni hifadhi ya bahari kaka, usimtume mtu kung'oa kitu pale, tumbawe la ukubwa wa ngumi limekua miaka. Anza na mawe ya machimbo, yaloweke uyasafishe vizuri.

kijana_tabata:
Nimeelewa, Mbudya naifuta kabisa. Kesho napita soko la samaki Feri kutafuta kamba. Hiyo chumvi dada unaipata wapi hapa mjini?