Nimemwimba baba katika wimbo, naye yu hai. Niutoe?

Binti Ngamiani

Habari za jioni wanajukwaa. Naomba mawazo yenu, hasa nyie mliowahi kutunga.

Natunga na kupiga gitaa, naishi Tanga. Mwaka 1997, nikiwa na miaka tisa, baba aliondoka kwenda Mererani kutafuta tanzanaiti. Kazi hapa mjini zilikuwa zimekauka, viwanda vimefungwa, mkonge hauna bei. Alipanda basi la alfajiri la Arusha, ana begi la kijani. Wiki hiyo hiyo redio yetu ikawa haipo mezani, imebaki alama tu pale ilipokuwa ikikaa.

Aprili 1998 mvua za El Niño zikafurika kwenye mashimo ya Mererani, wachimbaji wengi wakafia chini. Nyumbani hatukuwa na simu wala redio. Kila jioni mama alitushika mkono tukaenda kukaa barazani kwa jirani, kusikiliza taarifa ya habari na matangazo ya vifo ya Radio Tanzania. Msomaji akitaja "Tanga", mama alikuwa anakibana kidole changu mpaka kinauma.

Baba hakufa. Barua pia hakuandika. Alioa huko, akazaa huko. Mwaka juzi amerudi, kifua kimechoka, anaishi kwa dada yake, yaani shangazi yangu.

Mwaka huu nimetunga wimbo, nimeuita "Kwa Jirani". Ubeti wa pili unaanza hivi:

*Redio ukaiuza, sikio tukaazima,*
*kwa jirani tukajaza, barazaye yote nzima.*

Rafiki yangu mwenye studio anasema ndio wimbo bora niliowahi kutunga, nisiguse hata neno. Lakini sauti ya majaribio ilizunguka WhatsApp mpaka ikamfikia shangazi. Alinipigia analia: "Unamwanika baba yako kama dagaa." Tangu siku hiyo silali vizuri. Sikutunga kwa kisasi. Nilitunga kwa sababu ile baraza haijawahi kunitoka kichwani. Je, niutoe hivi ulivyo, niubadilishe, au nisubiri... hata neno lenyewe siwezi kuliandika.

Jiwe la Pembeni

Toa wimbo dada. Yeye alipoondoka alikuuliza?

Mzee wa Kanuni

Mwanangu, pole. Mimi ni mtu wa Unguja, nimetungia vikundi vya taarabu tangu ujana wangu.

Kumtaja mtu kwenye wimbo si jambo geni kwetu. Siti binti Saad aliimba "Kijiti", na Kijiti alikuwa mtu kweli, aliyemuua mwanamke mgeni kutoka Dar es Salaam kisha akakimbilia bara. Lakini tazama lililokuwapo pale: mauaji, na muuaji hayupo wa kuhukumiwa. Mji mzima ulikuwa na haki ya jambo lile. La baba yako ni la nyumba yenu. Yako ni haki ya kulisema, ila si kwa mdomo ule ule.

Ndiyo maana wazee wakatuachia fumbo. Watu hudhani fumbo ni woga. Mimi nasema fumbo ni kumwachia mtu mlango: anayehusika atajijua, asiyehusika atadhani unaimba habari zake mwenyewe. Ubeti wako umekaa vizuri, mizani nane kwa nane, vina vya kati na vya mwisho vimetimia. Kinachochoma ni hiyo "u" ya "ukaiuza". Umemnyooshea kidole. Jaribu kuimba redio iliyopotea bila kusema nani kaipoteza, kisha jisikilize.

Fundi wa Sauti

Mdogo wangu, nakubaliana na mzee nusu. Nusu nyingine nakataa.

Nimerekodi wasanii chipukizi miaka mingi. Kila wiki anakuja mtu na wimbo wa moyo kuumia, machozi, usiku sina usingizi. Maneno hayo hata mtu asiyewahi kuachwa anaweza kuyaimba. Wako una baraza, una redio. Ukiyaficha kwenye fumbo zito utabaki na wimbo wa kila mtu. Kwa hiyo vitu viache, hukumu ndiyo uipunguze.

Na nikuulize: kile kidole cha mama kiko wapi? Umetuandikia sisi hapa, nikasimama kusoma. Kwenye ubeti uliotuwekea hakimo. Kama hakimo popote katika wimbo, basi kitu kizito kuliko vyote umekiacha nje, nadhani kwa sababu hicho hakimhusu baba. Kinamhusu mama na wewe.

La pembeni kidogo, lakini nimeona marafiki wakigombana: andikianeni na huyo mwenye studio nani katunga maneno na nani kapanga muziki, kisha mkasajili COSOTA, ile ofisi ya hakimiliki. Sheria inalinda maneno na sauti yako. Kisa chenyewe hakina mwenyewe, hata shangazi akitaka kukiimba anaruhusiwa.

Mama Wawili

Dada yangu, soma hili polepole.

Mimi nilimwimba aliyekuwa mume wangu, miaka kadhaa nyuma. Jina sikutaja, ila mtaa mzima ulijua. Nilijisikia mwepesi kama wiki mbili hivi. Kisha mwanangu wa kwanza akarudi kutoka shule akaniuliza kama ni kweli baba yake ni mlevi, maana wenzake walikuwa wanauimba wimbo wangu wakati wa mapumziko. Niliufuta nilikokuwa nimeuweka, lakini watu walishaupakua na kutumiana. Hadi leo unapigwa kwenye bodaboda.

Sikwambii uache. Nakwambia mimi nilimuuliza kila mtu isipokuwa wale waliokuwa ndani ya wimbo. Kwenye wako wamo wawili, na karibu watu wote hapa wanamzungumzia mmoja tu. Mama yako ameusikia?

Binti Ngamiani

Mama Wawili, hapana. Nilidhani mama hana haja ya kuusikia, aliyaishi mwenyewe. Kesho nakwenda kwake.

Jiwe la Pembeni

Dada, samahani kwa jibu langu la juu. Mzee wangu naye aliondoka, nilijibu kwa hasira zangu.

Binti Ngamiani

Ndugu zangu, nimerudi baada ya wiki tatu.

Nilimwimbia mama jikoni, anachambua mchele. Nilipofika ubeti wa pili akasimamisha ungo. "Nani kakwambia baba yako aliiuza redio? Niliiuza mimi. Alikuwa hana nauli ya Arusha." Kisha akasema hakutuambia kwa sababu kila tulipokwenda kwa jirani aliona ni yeye aliyetufikisha pale.

Miaka yote hii nilikuwa na hakika. Nilikuwa naiona mikono ya baba ikiibeba ile redio mlangoni, na sikuwahi kuiona. Nilijitungia nikiwa mtoto, nikaja kuitungia wimbo nikiwa mtu mzima.

Sasa ubeti unaanza *Redio mama kauza, sikio tukaazima*. Mizani imebaki nane, mzee. Kidole nimekiweka ubeti wa mwisho, na mama ameridhia. Yale ya kuoa na kuzaa huko yapo bado, sikuyafuta, maana hayo ni kweli na yaliniuma.

Jumapili nikapeleka gitaa kwa shangazi. Baba alisikiliza ameutazama ukuta. Nilipomaliza akaomba nirudie ule ubeti wa baraza. Nikarudia. Akakaa kimya muda mrefu, akakohoa, akauliza, "Jirani gani?"

Nikamtajia. Akauliza kama bado yuko hai, nikamwambia yuko, nyumba ni ile ile.

Akasema, "Kesho unipeleke nikamshukuru."

Tumekwenda. Kurekodi upya ni Jumamosi.