Naomba ushauri: nianze na mama au na ustadhi wake?

Asalaam aleikum wanachama. Nasomesha gredi ya 9 huku Kisauni, Mombasa. Kuna kijana darasani, mwepesi mno wa hesabu, ameanza kutafuna muguka (majani ya kuchangamsha, jamii ya miraa) maskani na watu wa bodaboda. Kaniambia mwenyewe, akaniomba nisimwambie mtu.

Mamake anauza viazi karai jioni, analea peke yake, na ana hasira za karibu. Nachelea atamchapa mwiko mbele ya wateja, mtoto ahamie maskani kabisa. Ustadhi wake wa madrasa ni mpole na anamsikiliza, lakini mimi naye ni salamu tu njiani. Hatujawahi kukaa kuzungumzia mtoto. Kila mtu na zamu yake, kama walinzi.

(Msiniambie niripoti muguka. Kaunti ilipiga marufuku Mei 2024, mahakama ikaisimamisha amri.)

Viboko shuleni vilikatazwa tangu 2001, wala sivitaki. Je, niwaite mama na ustadhi tukae pamoja, au kwanza nimwombe kijana ruhusa? Na akikataa? Mtihani wa KJSEA, ule wa kumaliza gredi ya 9, unakaribia. Walimu na wazazi mliopitia haya, nisaidieni.