Madevelopa wenzangu, mnachujaje teknolojia za kujifunza?

fundi_mbeya
Habari zenu wakuu. Mimi naandika mifumo kwa lugha ya PHP na Laravel, fremuweki yake (kiunzi cha kujengea programu), kazi nyingi ni za maduka na saccos, na wateja wanaridhika. Ila kila nikiingia mtandaoni nakuta kitu kipya, mara Next.js, mara Flutter, mara lugha ya Go, sasa hivi ndo AI, kila mtu anasema usipoitumia umeachwa. Muda wangu ni usiku tu baada ya kazi, bando nalo ghali, naanza kozi hata sijafika kati nasikia nyingine ndo yenye soko. Kazi hii naipenda na nataka kuzeeka nayo. Mlioanza zamani, kipi mnakaa nacho mpaka kinawaingia na kipi mnakiacha kipite?

dada_wa_seva
Kaka, anza na vitu ambavyo havihami. SQL ya kuuliza databesi ipo tangu miaka ya 1970, Linux 1991, Git ya kutunza historia ya kodi 2005, na HTTP, njia ya brauza na seva kuongea, ndo inayobeba Laravel yako na hiyo Next.js pia. Panapobadilika ni juu. AngularJS, fremuweki ya kurasa za wavuti, ilivuma kweli, Google wenyewe wakaacha kuihudumia mwisho wa 2021, ila aliyeelewa brauza inaombaje data na seva inajibuje alihamia React, ya kazi hiyohiyo, bila kuanza upya.

Chukua malipo ya simu maana najua saccos wanayataka. Mtu akilipa, seva ya malipo inatuma taarifa kwenye seva yako, mtandao ukisuasua isipopata jibu inaweza kutuma ileile tena, usipojipanga mwanachama anaongezewa salio mara mbili na hesabu za jioni hazikubali. Namba ya muamala iwekee sharti kwenye databesi isijirudie, halafu kuandika malipo na kuongeza salio vifanyike ndani ya transaksheni moja, kimoja kikifeli vyote virudi. Ukilielewa hilo kwa PHP, kwenye Go unabadilisha maandishi tu. Mimi usiku wangu nautumia huko.

kijana_wa_apu
Dada nakubali ila soko nalo lipo jamani, tangazo la kazi haliandiki "anayejua transaksheni", linaandika jina la fremuweki. Me naangalia mwenye jukwaa anaelekea wapi. Google walitangaza kuikubali lugha ya Kotlin kwa Android 2017, 2019 wakasema ndo wanaitanguliza. Waliokuwa na Java hawakulazimika kutupa kitu, zote mbili zinakaa ndani ya apu moja, lakini ukitaka Jetpack Compose ya kutengeneza skrini za apu lazima Kotlin. Hapo nilihama na sijutii.

Na mkuu usichanganye kitu kipya na vesheni mpya. PHP 5.6 iliacha kupewa marekebisho ya usalama mwisho wa 2018 na bado kuna biashara zinaitumia, na mysql_query, funksheni ya zamani ya kuongea na databesi, iliondolewa kabisa kwenye PHP 7 iliyotoka 2015. Kupandisha vesheni sio fasheni, pale kuna pesa za watu.

pwani_koda
Ndugu yangu wa Mbeya, kuhusu bando, tovuti ya DevDocs inakubali uhifadhi nyaraka kwa brauza usome bila intaneti, na programu ya Zeal pia iko hivyo kwa kompyuta. Kusoma nyaraka kunakula data kidogo sana kuliko video. AI mimi naitumia inieleze kitu nisichokielewa, kisha nakihakikisha kwa nyaraka za vesheni niliyo nayo, maana inaweza kukupa mtindo wa zamani au funksheni ambayo haipo kabisa.

fundi_mbeya
Asanteni sana, dada hilo la namba ya muamala naliangalia leo leo. Swali moja, lile sharti niliweke kwenye databesi au inatosha kukagua kwa Laravel kabla ya kuandika?

dada_wa_seva
Databesi. Taarifa mbili zikifika kwa pamoja zote zinaweza kukagua zikakuta hamna kitu, zikaandika zote. Kwenye maigresheni (faili la Laravel la kuunda majedwali) weka unique() kwenye hiyo kolamu, ya pili itakataliwa, wewe ishike hiyo erori na uijibu seva ya malipo kwamba umeshapokea, isiendelee kutuma.