Naomba ushauri: mipira ya kupumulia injini ya 1JZ yenye tabo niifunge vipi?

Wakuu habari zenu, nina Toyota Mark II yenye injini ya 1JZ-GTE ile ya tabo moja (tabo ni ile feni inayosukumia injini hewa), nataka nipandishe busti, yaani presha ya hewa ya tabo, kidogo ila kwanza niweke sawa upumuaji wa injini maana mafundi wengi wanauruka kabisa.

Ninavyoelewa, kuna gesi inapenya kwenye ringi za pistoni inashuka chini kwenye krenki, gari ikiwa imesimama inaunguruma valvu ya PCV (ya kutolea hiyo gesi) inaivuta kwenda manifodi (bomba linalogawa hewa kwenye silinda), ukikanyaga mafuta tabo ikaanza kusukuma hiyo valvu inajifunga, gesi inabaki na njia moja tu, ule mpira unaotoka tapeti kava (mfuniko wa juu wa injini) kwenda bomba la hewa kabla ya tabo, na hapo ndo oili inapitia mpaka intakula (kipozeo cha hewa ya tabo).

Sasa fundi ananiambia ziba PCV, mipira iachie ipumulie nje. Mimi hapana. Gari napandia na watoto kila siku, foleni za Dar zile na harufu ya oili ndani, halafu presha ikizidi chini oili ya tabo hairudi vizuri kwenye sampu (bakuli la oili chini ya injini), tabo inaanza kutoa moshi wa bluu wakati ni nzima.

Nafikiria kechi kani mbili (makopo ya kunasa oili iliyo kwenye hiyo gesi), upande wa PCV niongeze valvu ya njia moja isiyopitisha busti, nyingine kabla ya tabo. Mpira wa milimita 19 unatosha? Na kani yenye vizuizi ndani naipata wapi, nyingi nilizoona Kariakoo ni kopo tupu. Aliyewahi kufunga naomba anielekeze, hata picha.