Kwa nini filamu za Terminator zilizotoka baada ya mwaka 1991 hazituridhishi?

Swali
Ndugu zangu, juma lililopita nilizitazama upya filamu zote sita za Terminator, zile za maroboti wauaji kutoka siku zijazo, kwa kufuata miaka zilipotoka. Mbili za James Cameron, ya mwaka 1984 na ya mwaka 1991, bado zinanishika hadi dakika ya mwisho ingawa kila kitakachotokea nakijua, lakini za mwaka 2003, 2009, 2015 na 2019 nilizimaliza bila kuguswa. Wengi husema ni kwa sababu Cameron aliacha kuziongoza, ila jibu hilo halinitoshi, kwa kuwa ile ya 2019 yeye alikuwa mtayarishaji na mmoja wa watunzi wa kisa, na Linda Hamilton, aliyemwigiza Sarah Connor, naye alirudi. Tatizo hasa liko wapi?

Jibu la kwanza
Ndugu, mimi naamini kisa chenyewe kilikwisha mwaka 1991. Sarah, mama yake John Connor, kijana atakayekuja kuongoza vita vya binadamu dhidi ya mashine, anachonga kwa kisu, juu ya meza ya mbao, maneno ya kukana kwamba majaaliwa yamekwisha kuandikwa. Kisha roboti aliyetumwa kumlinda John, ambaye hawezi kujiangamiza mwenyewe, anamwomba Sarah huyo huyo amshushe kwa mnyororo ndani ya chuma kilichoyeyuka ili kusibaki hata kipande cha kuundia Skynet, ule mfumo wa kompyuta utakaowageukia binadamu. Kila filamu iliyofuata ililazimika kuibatilisha kafara hiyo ili yenyewe ipate pa kuanzia. Ya 2003 ikasema vita viliahirishwa tu, ya 2015 ikayaandika upya matukio ya 1984, na ya 2019 ikamuua John Connor dakika za mwanzo kabisa, kisha ikaleta adui mwingine, Legion, kushika nafasi ya Skynet. Mtazamaji aliyelia mwaka 1991 anaambiwa kwamba alilia bure, na hilo ndilo linaloniuma mimi.

Jibu la pili
Nakubaliana nawe, isipokuwa kuhusu ile ya 2003. John anafika kwenye handaki akitarajia kuizima Skynet, anakuta ni maficho ya zamani tu, na mabomu ya nyuklia yanaanza kuruka huku yeye akiitwa kwenye redio na watu wasiojua nani awaongoze. Huo ni mwisho wenye ujasiri, ingawa njia ya kuufikia imejaa mizaha isiyostahili.

Jibu la tatu
Mimi naongeza suala la uzito wa miili. Katika filamu ya pili, yule roboti wa metali ya majimaji anapenya kwenye nondo za mlango wa hospitali, uso unagawanyika na kuungana tena, lakini bastola aliyoishika inakwama, naye anageuza mkono taratibu ndipo ipite. Kitu hicho kidogo kinatuonyesha kwamba hata yeye anabanwa na kanuni za ulimwengu huu, na hapo ndipo hofu inapozaliwa, kwa sababu tunaweza kupima umbali uliobaki kati yake na mtoto anayemwinda. Picha za kompyuta zilikuwa za dakika chache tu, na nyingi nyinginezo zilikuwa magari halisi, moto halisi na vikaragosi vya mikono ya mafundi. Katika filamu za karibuni watu wa nyama na damu wanarushwa ukutani, wanaanguka kutoka juu, kisha wanainuka na kukimbia. Mwili usioumia siwezi kuuogopea.